Alikuwa ananiangalia shingo, si usukani

Shule iliyonifundisha udereva hapa Tororo, Uganda, imekula hela yangu bure. Jina silitaji, wenyewe watajijua.

Karibu mwezi mzima mwalimu alinifundisha vijiti. Rudi nyuma katikati ya vijiti, kata kona, nyoosha, usiguse. Kijiti kikianguka anapiga kelele utadhani nimegonga mtoto wa mtu. Nikawa bingwa wa vijiti. Nikajua mtihani ndio huo.

Siku yenyewe akaingia afande na karatasi yake, salamu hakuna. Vijiti nikavipita vyote, hata kimoja hakikutikisika. Kwenye mwinuko nikavuta breki ya mkono, nikaachia klachi taratibu hadi gari likatetemeka, nikaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Moyoni nikasema, mama, pamiti hiyo ya udereva imeingia mfukoni.

Kumbe bado. "Twende barabarani." Njia ya kwenda Malaba mpakani, trela zimepangana, boda boda zinachomoka kulia na kushoto. Sikugonga mtu. Injini haikuzima. Lakini kila nikisogea, kalamu inaandika. Tuliporudi akasema, "Mama, umeanguka."

Nikauliza kwa adabu, afande, kosa langu nini? Akacheka. Kisha akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya kusikika na wote pale: "Huyu anaendesha kwa maombi!" Wakaangua kicheko wote, hata kijana mmoja ambaye gari lilimzimikia mara mbili. Na huyo kijana alipita! Hapo ndipo damu ilichemka. Mtu mzima kama mimi, nina wajukuu, nachekwa mbele ya watoto.

Wakala mmoja aliyekuwa akizungukazunguka pale akaninong'oneza, "Mama, toa kidogo, wala hutasumbuka tena." Nilimtazama hadi akaondoka mwenyewe.

Jioni nikamweleza shemeji yangu, dereva wa trela, nikitegemea atanitetea. Akaniuliza swali moja: "Ulipotoka pembeni, uligeuza kichwa?" Nikamwambia nilitazama kioo kwa macho. "Afande atayaonaje macho yako, shemeji?" Akaniambia gari likizima, ukavuta breki ya mkono, ukaweka gia huru na kuwasha tena bila papara, hujamuumiza mtu. Ila ukiingia barabarani bila kioo, bila kutazama begani, ipo siku utaua mwenye boda. Na indiketa inawashwa kabla ya kusogea. Mimi, nikikumbuka vizuri, nilikuwa naiwasha gari likiwa limeshaingia barabarani. Kwenye mzunguko pia nilimkatiza mtu aliyetokea kulia, nikamshukuru Mungu kwamba alisimama. Labda ndiyo hayo maombi.

Kwa hiyo afande alikuwa na haki? Kwa alama, sawa, namwachia. Kwa kile kicheko, simwachii. Angesema tu "mama, hukutazama kioo," maneno matatu, ningekwenda nyumbani kwa amani. Wanaandika karatasi nzima halafu mtu anaondoka hajui alichokosea.

Shule nayo nilitaka kuwaambia msiikanyage kabisa. Lakini nisiwe mwongo: klachi ile mwalimu alinifundisha kwa subira, maana mwanzo nilikuwa naliruka-rukisha gari kama chura. Kosa lake ni kwamba neno kioo halikumtoka kinywani. Dada yangu aliyeolewa Kenya naye alipofanya mtihani wa kule alipewa kigari cha kuchezea akisukume juu ya ubao wenye barabara za kuchorwa, na nilimcheka sana. Sasa najiuliza, angalau yeye aliambiwa nani apite kwanza.

Pamiti yangu ya kujifunzia ni ya miezi 3 tu na inakimbia, kwa hiyo narudi shule ileile, shingo upande. Nimeshamwambia mwalimu vijiti avifungie stoo. Jana nilipanda boda boda kwenda sokoni, kila kona nageuza kichwa huku na huku, hadi kijana akasimamisha pikipiki: "Mama, kuna mtu anatufuata?"