Kofia ya raga ya elfu themanini: nimeiona msimu mzima, hiki ndicho inachofanya na hiki ndicho isichofanya

Naandika kwa wazazi wenzangu wa Dar ambao watoto wameanza kurudi nyumbani na habari za raga, maana najua wengi mnaulizana kuhusu zile kofia laini za kichwani, eti ni lazima, eti zinasaidia, na juzi mama mmoja tumekutana pale tunaposubiria watoto akaniuliza mama Junior ile kofia umenunua wapi na mimi nimchukulie wa kwangu asije akaumia kichwa. Nikaona hapana, hili sio swali la kujibu kwa neno moja halafu kila mtu aingie kwenye gari lake.

Niliinunua mwezi wa pili kwenye duka moja la vifaa vya michezo hapahapa mjini, bei ilianza elfu 95 tukavutana hadi 80. Ni kofia ya sponji iliyokatwa vipandevipande, juu ina matundu ya kupitisha hewa, masikioni imeachwa wazi kidogo ili mtoto asikie filimbi, chini kuna mkanda wa kidevuni unaobana kwa velkro. Ina nembo ya World Rugby ndani, lile shirika linalosimamia raga duniani. Kijana aliyeniuzia alikuwa mchangamfu kweli, akaniambia mama hii ndo inazuia konkasheni, mvalishe hii hata agongwe vipi ubongo uko salama. Konkasheni ndo mtikisiko wa ubongo. Mimi nikalipa hapohapo nikiwa na amani kabisa.

Nianze na mazuri yake kwa sababu yapo. Mwanangu ana miaka 14 na anacheza mbele, wale wanaobanana kwenye skramu, kabla ya kofia alikuwa anarudi masikio mekundu kama yamesuguliwa na msasa, sikio la kushoto likaanza kuvimba kwa juu. Sikio likivimba hivyo mara kwa mara damu inaganda humo ndani na linakunjamana moja kwa moja, mmewaona wale wachezaji wakubwa masikio yao yalivyo. Tangu aanze kuvaa, uvimbe ulishuka na haujarudi. Mikwaruzo ya njumu kichwani imepungua, mara moja alikanyagwa juu ya nyusi na ile sponji ikachukua yote, ngozi haikupasuka. Ushonaji mzuri, nimeifua kwa mkono labda mara ishirini na sponji haijabonyea. Joto ndo tatizo, kwa jua letu la saa nne asubuhi na hewa hii ya baharini mtoto anatoka kichwa kimelowa kama katoka kuogelea, na usipoianika siku hiyohiyo inanuka vibaya, lakini hilo la kuvumilika. Kwa masikio na ngozi hela yangu haikupotea.

Sasa kichwa chenyewe.

Jumamosi moja kipindi cha pili, dogo wa timu pinzani anakuja na mpira kwa kasi, mwanangu akainama kumkaba miguuni, kichwa kikakutana na goti. Nilikuwa nimekaa mkekani pembeni ya uwanja na ule mlio niliusikia. Akaanguka, akainuka mwenyewe haraka tu, kofia imezunguka tundu la sikio liko shavuni, akairudisha, akawa anautafuta mkanda wa kidevuni kwa vidole, anaupapasa, anaukosa, anaupapasa tena, na mkanda huo anaufunga kila siku hata bila kuangalia. Halafu akaenda kusimama kwenye mstari wa wapinzani. Mtoto wa watu akamsukuma taratibu begani akamwambia wewe, kwenu kule. Watu wakacheka kidogo. Kocha akaja na chupa ya maji akammwagia shingoni, uko fiti? Niko fiti kocha. Haya ingia. Baba mmoja nyuma yangu akasema kofia imefanya kazi hiyo, na mimi nikaitikia kweli imefanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa nimekaa pale nimeona kila kitu na ile kofia ndo iliyonituliza. Akacheza tena dakika kama kumi.

Kwenye gari kabla hatujafika Mwenge alishaniuliza mara tatu tumeshinda? Nikadhani utani. Usiku akawa hataki taa, akasema kichwa kinagonga, akatapika, baada ya nusu saa akatapika tena. Dada yangu ni nesi, nikampigia, akasema usisubiri asubuhi, kutapika zaidi ya mara moja baada ya kugongwa kichwa ni dalili ya hatari, mlete sasa hivi. Tukaenda, akapigwa picha ya CT, ikatoka safi na mimi nikaanza kumshukuru Mungu nikijua yameisha, daktari akanikalisha chini. Mama, picha inatafuta damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye picha, mtoto wako anao. Akaniuliza alizimia? Nikasema hapana, aliinuka mwenyewe. Akaniambia wengi sana hawazimii kabisa, ndo maana wanarudishwa uwanjani. Kisha akauliza alitolewa saa ngapi, nikamwambia hakutolewa, akaacha kuandika akaniangalia.

Alichonieleza nakieleza hapa kwa namna nilivyokielewa. Ubongo unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, fuvu linasimama lakini ubongo unaendelea na safari yake, unajikunja na kuvutika humo ndani. Chukua dafu ulifunge kitenge mara tatu ulitingishe, maji ndani yatatingishika vilevile, kitenge kimelinda ganda tu. Sponji ya kofia hizi kwa sheria za raga ilipangiwa isizidi unene wa sentimita 1, na ile nembo niliyoiona ndani ya kofia nikadhani ni cheti cha kukinga ubongo, kumbe maana yake ni kwamba kofia ni laini vya kutosha kuruhusiwa uwanjani isiumize wengine, hakuna ahadi ya konkasheni pale. Na sio kwamba hawajapima. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia vijana wa raga zaidi ya 4,000, wengine na kofia za kawaida, wengine na kofia zilizoongezwa unene, wengine vichwa wazi, na kofia hazikupunguza konkasheni.

Kwa hiyo ule mtikisiko wa kwanza kofia isingeuzuia, sawa, raga ni mchezo wa kugongana na nimelikubali hilo. Kosa lilikuwa zile dakika kumi baada yake. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa kasi, kwa watoto na vijana hasa, ni nadra lakini ikitokea mara nyingi inaua. Mwaka 2011 kule Ireland ya Kaskazini kijana wa shule, miaka 14 kama wangu, aligongwa kwenye mechi ya shule akaachwa aendelee kucheza, akaanguka, akafariki, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema baadaye ni hilohilo pigo la pili. Mwaka 2013 Kanada akafa binti wa miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule, aligongwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, na kifo chake ndicho kilichofanya jimbo la Ontario litunge sheria mwaka 2018 inayobeba jina lake, Rowan's Law, kwamba mchezaji akishukiwa tu kuwa na konkasheni anatolewa na hachezi mpaka aruhusiwe. Nilisoma hayo usiku nikiwa pembeni ya kitanda chake na nilikuwa nanyanyuka kila saa kuangalia anavyopumua.

Uskoti wana msemo wao kwenye michezo yote, mimi nauweka kwa Kiswahili changu, ukiwa na shaka mtoe. Hausemi mpime kwanza, hausemi muulize yuko fiti. Mtoto wa miaka 14 mwenye wenzake uwanjani atakwambia yuko fiti hata kama hajui yuko uwanja gani.

Na hapa ndo naleta kitu cha pili ninachotaka kukisifia, kadi. Kuna karatasi moja ya kutambua konkasheni, toleo lake la 6 lilitoka mwaka 2023, inapatikana bure mtandaoni, imetengenezwa kwa watu ambao sio madaktari. Dada yangu alinitumia, nikaipeleka steshenari wakaiprinti na kuiweka plastiki, jumla shilingi elfu mbili. Ina vitu vya kuangalia kwa macho: mtoto kalala hajigeuzi, anainuka taratibu, anayumba, anaduwaa, anajibu ovyo. Ina maswali: tuko uwanja gani leo? nani amefunga mara ya mwisho? mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Akikosa hata moja anatoka. Na akijibu yote vizuri ila wewe umeona hayuko sawa, bado anatoka. Kisha zile dalili za kukimbiza hospitali bila kusubiri, shingo kuuma, degedege, kuona vitu viwiliviwili, mikono au miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, kuchanganyikiwa zaidi kadiri muda unavyoenda, kupoteza fahamu. Shingo ikiuma hata kofia usimvue mpaka aje anayejua.

Ningekuwa na ile kadi siku ile, mambo matatu niliyaona kwa macho yangu ndani ya dakika moja, kupapasa mkanda, mstari wa wapinzani, na ule uso wake ulivyokuwa.

Kurudi kwake kumetuchukua karibu wiki tano. Siku mbili za kwanza kupumzika, simu na tv kidogo sana, baadaye kutembea taratibu mtaani na mimi jioni, darasani alianza nusu siku kwa sababu kusoma dakika ishirini kulikuwa kunamrudishia kichwa, mwalimu wake wa darasa alinielewa namshukuru sana. Tulifuata mwongozo wa Uingereza wa 2023 ambao daktari alitupa, kwamba mazoezi yenye kugongana hayaguswi mpaka zimepita siku 14 mfululizo hana dalili yoyote, na mechi sio kabla ya siku ya 21 hata kama anajisikia mzima. Alinuna. Wiki ya tatu alijisikia mzima kabisa akawa ananibembeleza mama nimepona, mama timu inanihitaji, siku iliyofuata akasoma hesabu saa moja kichwa kikaanza, tukarudi nyuma hatua moja.

Nilirudi dukani pia. Sikwenda kugombana, nilimweleza yule kijana yaliyotokea na nikamuonyesha karatasi iliyokuja na kofia yenyewe, maandishi madogo kabisa mwishoni yanasema hivyohivyo, haikingi konkasheni. Akaisoma mara mbili. Akasema mama, na mimi nilivyoambiwa na aliyeniletea ndo hivyo, sikuwahi kuifungua. Akaniambia atakuwa anawaambia wateja ni ya masikio. Sijui wengine wanawaambia nini, kwa hiyo mkiambiwa ya ubongo mjue mapema.

Nyota basi. Kofia kama kofia ya masikio na ngozi nampa 4, anapoteza moja kwa joto. Kofia kama kinga ya ubongo, ambavyo ndivyo nilivyouziwa, sifuri. Kadi ya elfu mbili 5. Kama una elfu themanini na mwanao hachezi mbele, bora ununue kwanza kinga ya meno nzuri inayomkaa sawasawa, masikio yake hayana shida kubwa. Na kabla ya kumlipia mtoto ada ya mazoezi popote muulize kocha mbele ya wazazi wengine, mtoto akigongwa kichwa hapa nani anamtoa, na kocha akitaka kumrudisha nani anaweza kumkatalia? Mimi niliuliza sehemu mbili. Ya kwanza wakaniambia usijali mama, watoto wa raga wagumu. Ya pili kocha akamuita dada mmoja aliyekuwa anagawa maji, akasema ni huyu, akisema anatoka anatoka hata kama ni fainali, na mimi sina neno.

Ndiko anakocheza sasa. Kofia bado anaivaa, sikio la kushoto liko vizuri, na ile kadi nimemkabidhi yule dada wa maji, ameitoboa kona ameining'iniza kwenye kreti la chupa.