Shotgani ya mitutu iliyopandiana kwa mwindaji wa bata: tazama kitako kabla ya bei

Kila minada ya korosho inapomalizika na malipo kuingia, huanza maswali yaleyale kutoka Newala, Tandahimba na Nachingwea: ninunue shotgani gani ya mitutu miwili kwa ajili ya bata na kanga? Safari hii maswali yamekuja pamoja na malalamiko, na malalamiko hayo karibu yote yanafanana. Bunduki ni mpya, inafyatuka vizuri, mitutu inang'aa, lakini bata wa Kitere na wa bonde la Ruvuma wanapita salama juu ya kichwa, na mwenye bunduki anarudi nyumbani shavu limevimba. Muuzaji akiulizwa, hujibu kwamba mteja atazoea.

Hatazoea. Bunduki isiyomkaa mtu begani haimkai hata baada ya miaka, na atakachozoea ni kukosea kwa namna ileile.

Nachukulia kwamba msomaji ameshapita kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi kama sheria ya silaha ya mwaka 2015 inavyotaka, na kwamba ana leseni ya kuwinda ndege chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Sitayarudia hayo. Sitazungumzia pia nakshi, rangi ya mbao wala urefu wa mitutu, kwa sababu hayo kila muuzaji huyaeleza bila kuombwa. Nitazungumza juu ya kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani, na hasa ule ukingo wake wa juu ambapo shavu hulala.

Shotgani haina kilengeo cha nyuma. Mbele kuna shanga ndogo ya kulengea, na nyuma kuna jicho la mpigaji. Jicho ndilo kilengeo. Ukingo wa kitako ukiwa chini mno kwa uso wako, jicho linazama nyuma ya mwili wa bunduki, nawe, bila kujua, unainua shavu ili umwone ndege. Hapo marisau, yaani zile chembe ndogo zinazotawanyika kutoka mtutuni, yanapita juu yake, na kitako ambacho hakijabanwa na shavu kinarudi kukupiga taya. Ukingo ukiwa juu mno, unauona ukanda wote wa juu ya mtutu kana kwamba umeutazama kutoka ngazini, na marisau yanapita juu vilevile. Bunduki nyingi za kiwandani zina ukingo ulioshuka kama milimita 38 kwa mbele na kati ya milimita 55 na 65 kwa nyuma, kipimo ambacho kinamfaa mtu wa wastani, na mtu wa wastani sijakutana naye bado.

Milimita hizo si mchezo. Kutoka jichoni hadi kwenye shanga kuna karibu mita moja, kwa hiyo jicho likipanda au kushuka kwa milimita 1.6, shabaha ya umbali wa mita 16 hivi inahama kwa sentimita 2.5. Kwenye umbali wa mita 35, ambako bata wa mbinja hupita jioni wakipiga miluzi yao ya vipande vitatu, kosa hilo huwa zaidi ya maradufu. Kosa la milimita 6 shavuni linatosha kupitisha kitovu cha marisau karibu sentimita 20 kutoka kwa ndege.

Urefu wa kitako ni kosa la pili, na hili ni letu sisi watu wa pwani. Bunduki hizi hutengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo msimu wa bata ni msimu wa baridi. Mwindaji wa Uingereza anakwenda kwenye matope ya Januari akiwa amevaa sweta na koti nene, na koti hilo linaongeza urefu wa kitako bila yeye kulipa chochote. Sisi Lindi tunakwenda Rutamba na shati jepesi lililolowa jasho. Bunduki ileile iliyomtosha yule huwa fupi kwetu kwa kiasi cha unene wa koti, na dalili yake ni kidole gumba kugonga pua bunduki inaporuka. Vipimo vya kawaida ni kama sentimita 36 hadi 37 kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Mtu mrefu wa huku atahitaji mpira mnene wa kuongezea. Kwa wanawake wachache tulio na vibali, tatizo hugeuka: kitako ni kirefu, na ncha yake ya chini inachoma kifua kwa sababu haikukatwa kwa mteremko unaotufaa. Sijapata kumwona muuzaji aliyeuliza hilo.

Jaribio la dukani halihitaji risasi. Hakikisha bunduki ni tupu, mitutu yote miwili ikionekana wazi hadi mwisho. Chagua alama ukutani, fumba macho, ipeleke bunduki begani kwa mwendo wako wa kawaida na uweke shavu bila kulikandamiza, kisha fumbua macho. Ukiiona shanga imekaa juu ya ukanda mwembamba, bunduki hiyo inakufaa. Ukiona mgongo wa bunduki tu, kitako kipo chini. Ukiona ukanda wote kama barabara, kipo juu. Kisha tazama nafasi kati ya pua na kidole gumba: vidole viwili vinatosha. Duka moja la mjini lilimkatalia mama mmoja kufanya hivyo kwa madai kwamba silaha haishikwi kabla ya kulipiwa, likampa kijitabu chenye picha. Mwenye kununua viatu huvivaa kwanza, na viatu havihitaji kibali cha polisi ili virudishwe.

Sasa nitaje majina, na sitajifanya sina upande. Ya kwanza kwangu ni Beretta 686, na hata ikiwa imetumika naitanguliza mbele ya mpya za wengine. Bunduki inapofunguliwa, mitutu yake haizunguki kwenye pini moja nene iliyopita chini yake, bali kwenye vipini viwili vifupi vya ubavuni. Ndiyo maana mwili wake ni mfupi kwenda juu na mitutu inakaa karibu na mkono wa mbele. Teke linakuja moja kwa moja begani, mdomo wa bunduki hauruki sana, na risasi ya pili inakuta jicho likiwa palepale. Ndani ya mitutu kuna kromu, jambo la maana kwa mtu anayeishi kwenye upepo wa chumvi wa Mikindani. Zaidi ya yote, kitako kinashikwa na bolti moja ndefu inayofikiwa kutoka nyuma baada ya kuondoa mpira, hivyo fundi mwenye akili anakitoa, anakirekebisha na kukirudisha bila kugusa mashine.

Ya pili ni Browning B525, inayotengenezwa Japani na Miroku. Ni mjukuu wa bunduki ya mwisho aliyoibuni John Browning, aliyefariki mwaka 1926 kabla haijaanza kuuzwa. Ni imara kupita kiasi, lakini ile pini ya chini inaufanya mwili wake uwe mrefu zaidi kwenda juu, na mwenye viganja vidogo ataliona hilo. Miroku zenye jina lake lenyewe ni mashine za ukoo huohuo, na mara nyingi bei yake ni ya huruma zaidi. Ukiikuta yenye kitako kinachokukaa, usisite.

Baikal ya Urusi, ya IZh-27 au MP-27, ni nzito, ngumu kufunguka na haina urembo, ila haifi. Kitako chake huwa chini kwa wengi, kwa hiyo weka kando fedha ya fundi. Za Kituruki za bei ya chini ni nyingi na zinatofautiana mno moja na nyingine. Pima iliyo mkononi mwako, si jina lake.

Kuhusu bei nina neno. Wauzaji wameanza kutoza zaidi kwa bunduki yenye alama ya ua la yungi, alama inayoonyesha kwamba mitutu imepimwa kwa risasi za marisau ya chuma zenye nguvu. Alama hiyo ni ya kweli na ina maana kubwa Ulaya, ambako tangu mwaka 2023 marisau ya madini ya risasi yamekatazwa kwenye ardhi oevu za Umoja wa Ulaya kwa kuwa bata huyameza wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu. Ningefurahi tungefuata mfano huo. Lakini kumtoza mtu wa Masasi kwa ajili ya risasi za chuma ambazo duka hilohilo halina hata boksi moja ni kumuuzia karatasi.

Ukinunua iliyotumika, usimpe mwenyewe fedha hadi polisi wameidhinisha uhamisho, kwa maana kibali chake hakikufuati. Vua kile kipande cha mbao cha mbele, shika bunduki iliyofungwa na uitikise. Mlio wowote kwenye bawaba unamaanisha bei ishuke au uondoke. Kitako kikihitaji kukatwa, fundi seremala apewe mstari wenye mteremko, asikate wima, na akate kidogo kuliko ulivyomwambia. Kipande kinachobaki kitunze pamoja na karatasi za bunduki, kwa sababu mnunuzi wako wa baadaye huenda akawa na mikono mirefu.