Kitabu cha Jumamosi: kipi tununue kwanza sisi wa Mtwara na Lindi

Huku kusini ukitaka kitabu cha kujisomea kwa raha, kisicho cha mtihani, hukipati kwa kupita tu dukani. Maduka mengi yaliyoandikwa "vitabu" mlangoni yanauza madaftari, kalamu na vitabu vya shule, na riwaya ukiikuta basi imo kwenye mtaala. Vingine tunaagiza Dar es Salaam. Vinapanda basi, mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na ukishavipokea stendi habari ya kurudisha imekwisha. Ndiyo maana nimevipanga kwa nafasi, nikimfikiria mtu mwenye pesa ya kitabu kimoja tu mwezi huu.

Kipimo changu ni Jumamosi mchana. Nguo zimeanikwa, sufuria zimeoshwa, umekaa barazani au chini ya mwembe, upepo wa bahari unaingia, na mtoto anaweza kukuita wakati wowote. Kitabu kinachofaa saa hiyo ni kile unachokiweka chini, ukaenda ukarudi baada ya nusu saa, ukakuta bado unajua uko wapi na unataka kuendelea. Tuzo na jina la mwandishi nimeviweka nyuma ya hapo. Riwaya na vitabu vya mapishi nimevichanganya kwa makusudi, kwa sababu nyumbani kwetu kitabu cha mapishi kinasomwa kama hadithi: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanabisha.

Cha kwanza: Vuta n'kuvute, cha Adam Shafi

Kama ni kimoja, ni hiki. Kilitoka 1999 na bado sijapata riwaya ya Kiswahili inayomchukua msomaji upesi namna hii. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyekwisha zeeka. Anamkimbia, anarudi kwao Unguja, kwao wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Baadaye anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayewasumbua wakoloni wa Kiingereza na kusumbuliwa nao. Siasa imo, mapenzi yamo, taarabu imo, na hakuna kinachomwangukia mwenzake.

Ninachokipenda zaidi ni mazungumzo. Watu wa Shafi wanasema kama watu: wanakatana kauli, wanataniana, wananyamaza pale ambapo mtu mzima angenyamaza. Ukisoma kwa sauti, asiyependa vitabu naye anasogeza kiti. Nimewahi kuwasomea wageni watatu sura moja wakisubiri wali uive, na wali ulipoiva wakaomba nimalizie kwanza. Filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilitoka 2021. Ni nzuri, lakini nakusihi soma kitabu kwanza, umwone Mwajuma kwa macho yako mwenyewe.

Cha pili: In Bibi's Kitchen, cha Hawa Hassan

Najua ni cha Kiingereza, najua ni ghali, na bado nakiweka hapa. Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia anayeishi Marekani, alikiandika na Julia Turshen, kikatoka 2020. Ndani yake mabibi wa nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi au kuwa karibu nayo wanahojiwa kuhusu maisha yao, kisha wanatoa mapishi yao: Eritrea, Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Madagaska, Komoro na Afrika Kusini. Kwa mtu wa Mtwara, sura ya Msumbiji si ya ugenini. Ng'ambo ya Ruvuma wako ndugu, Wamakonde wako pande zote mbili, na matapa yao ya majani ya muhogo, karanga na nazi hayako mbali na kisamvu chetu.

Nilikwenda nacho Lindi kwa shangazi yangu. Kiingereza hasomi, kwa hiyo nilikuwa natafsiri mstari kwa mstari, naye amevaa miwani yake iliyofungwa uzi mweusi kwenye mkono mmoja, kidole kipo juu ya picha. Kitabu kimetungwa kwa mpishi wa Marekani, vipimo vyake ni vikombe na vijiko. Nilipofika penye kikombe cha tui, kidole kikasimama.

"La kwanza au la pili?"

"Hawajasema, shangazi."

"Mwanangu, hapo ndipo chakula kinapoharibikia. Andika pembeni: la pili lipikie, la kwanza lije mwisho, na usifunike."

Nikaandika kwa penseli. Mpaka jua linazama kitabu kilikuwa na maneno yake katika kurasa zaidi ya kumi, na mbuzi ya kukunia nazi haikuguswa siku hiyo; tulikula mkate na chai. Hiyo ndiyo Jumamosi ninayoizungumzia. Kitabu cha mapishi kizuri hakikulazimishi kuwasha jiko. Kinamtoa mzee maneno ambayo bila hicho kitabu asingeyasema, kwa sababu hakujua kuna mtu hayajui.

Kama Kiingereza kinakupa shida na huna wa kukutafsiria, kishushe mpaka mwisho wa orodha yako. Kinachokifanya kuwa cha pili ni maisha ya wale mabibi, na hayo hayaonekani kwenye picha.

Cha tatu: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mohamed Said Abdulla

Hiki ni chembamba, na unaweza kukimaliza mwisho wa wiki mmoja. Kilichapishwa 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anaanza kuuliza maswali yanayoonekana hayana maana. Rafiki yake Najum yupo pembeni, akishangaa pamoja na sisi. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kimejaa misemo itakayowasimamisha kidogo vijana wa leo, na mimi naona huko kusimama ni sehemu ya utamu. Mnunulie pia kijana anayesema hapendi kusoma. Akinogewa, kuna Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu, Bwana Msa yule yule.

Wapo watakaouliza mbona sijamtaja Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba kama Kufa na Kupona. Kufa na Kupona ni kitabu cha mbio, na kwa safari ya basi kwenda Dar nakipa nafasi ya kwanza bila kusita. Kwa barazani, Bwana Msa ananipumzisha zaidi.

Cha nne: Peponi, cha Abdulrazak Gurnah

Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, na riwaya yake ya 1994, Paradise, tukaipata kwa Kiswahili 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu baba yake amezama kwenye deni. Mtoto amewekwa rehani, na yeye mwenyewe hajui. Anakulia pwani, anafuata msafara wa biashara mpaka bara, na nyuma ya yote Wajerumani wanazidi kusogea.

Kwa uzuri wa maandishi pengine kingekuwa juu kabisa. Nimekishusha kwa sababu ni kizito: kinaenda taratibu, na huzuni yake inakufuata mpaka Jumatatu. Nakishauri kwa mwenye siku mbili mfululizo zisizo na wageni. Ukiweza, kisomee Mikindani, uangalie zile nyumba za mawe na ile bandari kimya. Livingstone aliondokea hapo 1866 kuelekea bara katika safari yake ya mwisho, na misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita njia za huku kabla na baada yake. Sura za msafara zinasomeka vingine ukiwa umekaa mahali ambapo mizigo ilifungwa kweli.

Jambo la manufaa: Peponi na Vuta n'kuvute vyote vimetolewa na wachapishaji wamoja, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ukiagiza viwili kwa pamoja, unalipa mzigo mmoja wa basi.

Cha tano na cha sita

Utubora Mkulima cha Shaaban Robert ni kwa mtu aliyechoka na ofisi. Utubora anaacha kazi ya mjini yenye mshahara mzuri, anakwenda kulima. Ni kifupi, kina utulivu, na mwenye mikorosho yake Newala au Tandahimba atapata mengi ya kukubaliana nayo na mengine ya kumkatalia Shaaban, hasa pale kilimo kinapoonekana chepesi kuliko palizi ilivyo.

A Taste of Zanzibar cha Zarina Jafferji ni cha mapishi ya Unguja, kwa Kiingereza, na picha zake zinafurahisha macho. Kinafaa zawadi ya harusi. Kwangu ni cha sita kwa sababu mengi ya humo mtu wa pwani ameshayaona jikoni kwa mama yake.

Cha kusubiri

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971, kila mtu mzima akisome, hasa mwenye binti. Lakini usikinunue ukidhani utapumzika. Kinauma kuanzia nyumbani kwa Zakaria, na hakiachi kuuma.

Kabla hujatuma pesa

Hapa nakuomba uwe mkali. Mwaka juzi nilinunua riwaya kwa muuzaji mmoja, nikafika ukurasa wa 96, nikafungua, nikakuta 113. Kurasa 16 hazimo. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu moja likirukwa kiwandani, kitabu kwa nje kinaonekana kizima kabisa. Mpaka leo sijui yule mama alifikaje hospitali. Kwa hiyo kifurushi kifungue pale pale stendi, pitisha kidole kwenye namba za kurasa, dakika tatu zinatosha. Kama kuna kasoro, piga picha na kumtumia muuzaji kabla hujaondoka.

Angalia mgongo. Kilichoshonwa kwa uzi kinavumilia joto letu. Kilichobandikwa kwa gundi peke yake huanza kuachia kurasa, hasa kikiachwa dirishani penye jua. Cha mapishi lazima kikubali kulala wazi mezani bila kushikwa. Uliza pia karatasi: ile ya kung'aa inafutika mafuta, lakini penseli haishiki, na shangazi zetu wana ya kuandikiwa pembeni.

Ukiona maandishi yamefifia upande mmoja na jalada lina ukungu wa rangi, hiyo ni kopi iliyodurufiwa. Iache. Mwandishi hapati hata senti hapo.

Wakati wa mvua mwambie muuzaji afunge kwa nailoni kwanza, boksi baadaye. Na kabla ya yote, mwombe akupigie picha ya ukurasa wa kwanza wa hadithi. Usome taratibu. Ukijikuta unamwomba wa pili, tuma pesa.