AdSense kwa Blogu Changa: Huduma Nzuri Inayodai Subira

Huduma ya matangazo ya Google iitwayo AdSense, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo mlango ambao wenye blogu wengi huupitia kwanza, nami baada ya kuitumia naiona inamfaa anayeandika mfululizo kuliko anayetaka fedha za haraka. Kujiunga hakulipiwi, unabandika kipande kifupi cha msimbo kwenye kurasa zako, kisha unasubiri blogu ikaguliwe.

Malipo ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Mapato yakifika dola 10, hutumwa kwa posta barua yenye namba ya kuthibitishia anwani, na fedha zenyewe hazitoki hadi salio lifike dola 100, kiwango ambacho blogu yenye wasomaji wachache huweza kukikimbiza kwa miezi mingi. Tangu 2024 mwenye blogu hulipwa kwa kuonekana kwa tangazo, si kwa kubofywa kwake, kwa hiyo makala inayojibu swali ambalo watu hulitafuta kila siku ina faida kuliko habari inayochacha baada ya siku mbili.

Mimi niliuachia mfumo upange matangazo wenyewe, na moja likajitokeza katikati ya hatua ya tatu na ya nne za maelezo yangu (kosa ni langu, kwani mpangilio huo huzimwa kwa urahisi). Nilipolishusha chini ya makala, ukurasa ukasomeka tena. Jambo la kutothubutu kabisa ni kubofya matangazo yako mwenyewe, maana akaunti huweza kufungwa.