Tahadhari kwa wenye Forester na RAV4: "seti ya mipira minne" inayotumwa Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawatahadharisha wenye gari zinazovuta kwa miguu yote minne, na hasa sie wa Pemba tunaoagiza mipira ya gari Unguja kwa simu.

Kuna muuzaji wa mipira ya mtumba anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Anatangaza "seti kamili, imetoka Japani", bei yake iko chini ya wenziwe, na anataka pesa yote kwa simu kabla hajapakia melini. Picha anazotuma ni za meno ya mpira tu. Ubavu hauoneshi.

Shemegi yangu ana Subaru Forester. Mzigo wake uliposhuka Mkoani, mipira miwili ilikuwa 225/60R17, ndiyo ya gari yake. Miwili mingine ni 225/65R17, saizi ya RAV4, na maandishi ya saizi ubavuni yamepigwa msasa kisha yakapakwa rangi nyeusi. Tuliyasoma kwa kumulika tochi kutoka pembeni. Alipompigia muuzaji akajibiwa, "Yote ni rimu 17, funga tu." Baada ya hapo simu haikupokewa tena.

Kwenye rimu kweli inaingia, na hiyo ndiyo hatari yake: fundi anafunga, gari inaondoka, mtu anaona mambo sawa. Fanyeni hesabu. Namba ya katikati ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana wa mpira. Ile ya 60 ina kipenyo cha kama sentimita 70, ile ya 65 inapita 72, kwa hiyo mzunguko unapishana sentimita 7 nzima. Subaru wenyewe wanataka usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Forester mbele na nyuma vimeunganishwa muda wote. Mpira mdogo unazunguka mbio kuliko mkubwa, na tofauti hiyo yote inabebwa na mtambo wa katikati unaogawa nguvu, ambao umewekwa kwa tofauti ndogo ya kwenye kona, si kwa safari nzima ya Wete hadi Mkoani. Unapata moto, mafuta yake yanaungua, na ukikata kona kali gari inajikaza kama imevutwa hendibreki. Ikifika hapo ni kushusha giaboksi. Hata saizi moja, miwili mipya na miwili iliyokwisha, haifai kwa gari hizi. Hilux ambayo unaingiza foo wili mwenyewe ukikuta tope inavumilia zaidi, maana kwenye lami inavuta nyuma tu.

La pili ndilo lililonikasirisha zaidi. Mpira mmoja kati ya ile ya 65 umechongwa meno upya. Ndani ya mifereji ya mpira kuna vinundu vya kuonesha ukomo, vyenye kimo cha milimita 1.6. Kwenye huu vimekatwa katikati, na mifereji haina kina sawa. Mipira ya gari ndogo haikutengenezwa ichongwe: kisu kinakaribia waya za ndani, na mpira unaweza kupasuka wakati wowote. Mtu anamuuzia mwenziwe kitu hicho akijua atapakia watoto!

Kabla hujatoa hata shilingi, dai picha ya ubavu wa kila mpira, ionekane saizi na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT. Hizo ndizo tarehe ya mpira: 1416 maana yake ulitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mpira uliotimiza miaka 10 uache, hata meno yawe marefu. Akikwepa kutuma, mwache na biashara yake. Kama una jamaa Unguja, aende mwenyewe na utepe wa fundi cherehani, azungushe kila mpira na kulinganisha.

Waliokwisha tuma pesa, wekeni meseji na risiti za muamala, mwende polisi. Shemegi ameshafanya hivyo. Na mipira msiifunge kwenye gari, maana ikishatembea barabarani atasema mmeiharibu nyinyi.