Atorvastatini miligramu 20 kwa mzee: lehemu inashuka, na miguu je?

Mzee wa Unguja au Pemba anayeandikiwa dawa ya lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) mara nyingi hukutana na majina mawili, simvastatini na atorvastatini. Zote hulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi. Kwa mzee tunaipendelea atorvastatini, na sababu kubwa ni presha. Wengi wenye presha wanameza amlodipini, nayo huifanya simvastatini izidi kwenye damu. Ndiyo maana zikitumika pamoja, simvastatini haitakiwi kupita miligramu 20 kwa siku. Ikizidi, misuli ndiyo inayoumia. Tena simvastatini humezwa usiku, wakati atorvastatini haichagui saa: Ramadhani imeze baada ya futari au wakati wa daku, dozi ile ile.

Miligramu 20 za atorvastatini hushusha lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa, kwa karibu asilimia 40. Ukiongeza hadi 40 unapata kama asilimia 6 tu ya ziada, na hatari kwa misuli inapanda. Kwa mzee mwembamba aliyepita miaka 75 hatuoni sababu ya kuharakia dozi kubwa. Damu ipimwe tena baada ya wiki 4 hadi 12.

Malalamiko makubwa ni miguu. Maumivu ya dawa hii huja pande zote mbili: mapajani, makalioni, mabegani. Goti moja linalouma peke yake, tafuta sababu nyingine. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2022 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya maumivu ya misuli waliyoyaripoti watumiaji hayakutokana na dawa. Kwa aliyekwishapata kiharusi au mshituko wa moyo, kuiacha kwa maneno ya mtaani ni hatari kubwa kuliko maumivu yenyewe.

Lakini tunasisitiza: pima miguu kabla ya kidonge cha kwanza. Mkalishe mzee kwenye kiti kigumu, mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara tano. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya nguvu kupungua. Baraza la nje halifai kwa kipimo hiki, kimo chake hutofautiana nyumba na nyumba. Kisha atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Sekunde 5 au zaidi ni mwendo wa polepole. Andika kwenye daftari lake la hospitali, rudia baada ya mwezi. Bila namba ya mwanzo, akianza kuinuka kwa taabu kwenye sijda hakuna atakayejua kama ni kidonge au ni umri.

Misuli ikilegea ghafla na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, asimeze tena, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akiandikiwa klarithromaisini (dawa ya bakteria) au itrakonazoli (dawa ya fangasi), amwambie daktari kuwa anatumia atorvastatini, kwa sababu huifanya izidi kwenye damu. Maji ya balungi kwa wingi nayo hufanya hivyo. Uchovu ukizidi, tezi ya shingo ipimwe, kwa sababu ikiwa dhaifu huongeza lehemu na pia huumiza misuli.

Kasoro nyingine iko dukani: karatasi ya vidonge hukatwa vipande, jina na tarehe ya mwisho vikabaki kwa muuzaji. Dai kipande chenye maandishi hayo, au nunua pakiti nzima.