Kutengana kisheria au talaka?
Mkitengana kwa amri ya mahakama, bado ni mume na mke. Mnalala nyumba mbili, lakini kwa ndoa ya mke mmoja hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Talaka huivunja ndoa yenyewe.

Malezi ya watoto na matunzo huweza kuamuliwa kwa njia zote mbili. Wanaotengana kwa mdomo tu ndio hujikuta pabaya: ada ya shule ikifika, ahadi ya kwenye simu haina meno.

Wanaotumaini kurudiana, au ambao dini yao haikubali talaka, kutengana kunawafaa. Anayepigwa, kwa maoni yangu, atafute kwanza amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama inayomkataza mpigaji kumdhuru tena. Na mkopo mliosaini wote? Kwa kawaida benki itawadai wote wawili, mwachane msiachane.